Nusu Gari la Mzee Bakari

Mwezi uliopita Zuhura alikuja kunitembelea hapa Songea. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tukiishia kupigiana simu za Idi na za Krismasi, na nilipokuwa namsubiri stendi nilijiandaa kumpokea bibi mtu mzima kama nilivyo mimi mwenyewe. Akashuka kwenye basi akiwa amekumbatia mzigo uliofungwa kwa kanga, akamkatalia utingo asiuguse, akaupakata mpaka nyumbani kwangu. Pale mezani, katikati ya sahani za pilau, akautua na kuufungua. Lilikuwa jiwe. Jiwe jekundu, bapa upande mmoja, limelika pembeni. "Mtani," akaniambia, "nyumba ya Baba tumeibomoa, vijana wanajenga ya matofali. Kila mtu kachukua anachokitaka kwa ukumbusho. Mimi nimekuletea cha kwako." Wajukuu zangu walitazamana kama wanaotazama wazee wawili waliopungukiwa. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza, Zuhura naye akacheka, machozi yakatutoka, na pilau ikapoa vilevile. Jiwe hilo ndilo lilikuwa breki ya mkono ya gari nililojifunzia kuendesha, na mwaka ule wa jiwe, niseme wazi, ndio ulionifanya niwe mtu.

Nilifika Nachingwea mwaka sabini na sita, mwalimu mpya, na sanduku la bati na woga mwingi. Zuhura alikuwa akifundisha shule hiyohiyo, na siku ya kwanza tu alinikuta nimekaa ofisini na sanduku langu, sijui pa kwenda. Akaniuliza kabila langu. Nilipomwambia mimi Mngoni alipiga makofi akawaita walimu wote: "Jamani, fungeni kuku! Mtani kaingia!" Wangoni na Wamwera ni watani, kwa sababu babu zetu waliwahi kuvamia vijiji vya babu zao na kubeba kila kinachobebeka, na siku hizi deni hilo la zamani tunalilipana kwa maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kukuchukulia kofia msibani, nawe huruhusiwi kununa. Mimi kwetu nilikuwa msichana mpole, wa kuinamisha kichwa. Pale nilijikuta kila mtu anangoja niseme kitu cha ufidhuli ili apate kucheka. Ilinichukua muda kujifunza, lakini nilipojifunza sikuacha tena, kama majirani zangu wa hapa watakavyokuthibitishia.

Jioni hiyo Zuhura alinipeleka kwao, nikapewa chumba cha uani. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyojenga baadaye. Ukuta wa fito na udongo, dirisha la ubao, kitanda cha kamba, na harufu ya korosho iliyokuwa imeingia hata kwenye mto wa kulalia. Ukuta wa upande mmoja ulipakana na sebule, kwa hiyo yote yaliyosemwa sebuleni mimi niliyasikia, nitake nisitake. Upande wa pili kulikuwa na banda la kuhifadhia magunia, na ndani ya banda hilo, chini ya turubai, kulikuwa na kitu nilichodhani ni mtumbwi. Asubuhi yake Mzee Bakari, baba yake Zuhura, alinikuta nachungulia. Alikuwa mzee mrefu, msafi, anayevaa kanzu hata akienda kupalilia. Akavuta turubai taratibu sana. Lilikuwa gari. Dogo, jekundu, la wazi juu, lenye viti viwili tu, pua ndefu kupita mwili, na magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. "Karibu," aliniambia. "Huyu ni mwanangu wa kwanza. Zuhura ni wa pili."

Zamani, wakati Wazungu walipokuja kulima karanga Nachingwea kwa matrekta na mbwembwe, Mzee Bakari alikuwa mpishi wa mmoja wao, kijana aliyependa mbio. Karanga zilipokataa na Wazungu wakaondoka, yule kijana alimwachia mpishi wake gari lile la mbio, kwa kuwa kulisafirisha kwao kungekuwa na usumbufu kuliko kuliacha. Tangu hapo Mzee aliishi nalo kama watu wanavyoishi na farasi katika hadithi. Hakuwahi kulibebea korosho wala mgonjwa, kwa sababu halikuwa na nafasi ya gunia wala ya mtu kulala. Mtaa mzima uliliita Nusu Gari. Watoto walikimbia nyuma yake wakiuliza nusu nyingine iko wapi, na Mzee aliwajibu kwamba iko njiani, inakuja kwa miguu. Breki yake ya mkono ilikuwa imekufa miaka mingi, ndiyo maana chini ya kiti kulikaa jiwe. Ukisimama, unashuka unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, ndipo unasalimia watu. Na Mzee alikuwa na ahadi yake, ambayo hata mama muuza maandazi wa pale kona aliijua: siku Zuhura atakapoolewa, atakwenda kwa mumewe katika gari lile, wazi, watu wamwone.

Mwezi wa pili au wa tatu hivi, tukiwa tumekaa jamvini tunakula ugali wa muhogo kwa mbaazi za nazi, Mzee aliniuliza kama huko Ungonini wanawake wanaendesha magari. Nikamjibu kwamba huko Ungonini wanawake wanaendesha wanaume, magari hayajafika. Alicheka akapaliwa, mkewe akampiga mgongoni, na alipopata pumzi akasema, "Basi kesho njoo na viatu vya kamba." Alinifundishia juu ya tuta la reli. Reli yenyewe ilikuwa imekwisha kung'olewa, ikabaki njia ndefu iliyonyooka, haina gari wala mbuzi wala kona. Mzee alikaa kushoto kwangu, mikono juu ya magoti, uso ameuinua juu, akisikiliza. "Inalia, ongeza gia. Hapana, hiyo umeipa kofi, ipe mkono." Nilidhani ndivyo walimu wa gari wanavyofundisha. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba Mzee hakuwa anatazama njia kwa sababu haioni. Macho yake yalikuwa na ukungu, ukungu ule mweupe unaowapata wazee, na ulikuwa umezidi mwaka uliopita. Hakuna aliyelisema nyumbani. Mkewe alimwekea kikombe mahali palepale kila siku, Zuhura alimsomea gazeti akijidai anajisomea mwenyewe, na mimi nikaanza kumwambia, kama kwa bahati, "Mzee, mbele pale naona mama amebeba kuni," naye akaitikia, "Mpigie honi ya heshima." Furaha ya asubuhi zile siwezi kuieleza vizuri. Upepo usoni, vumbi mdomoni, mzee wa watu ananiimbia kaswida, na gari linaunguruma kama lina hasira na mtu. Leseni nilikwenda Lindi kuifanyia mtihani kwa gari la watu, nikafaulu, na Mzee akachinja kuku.

Ufuta ulipovunwa, posa ya Zuhura ikakamilika. Bwana mwenyewe alikuwa Hamisi, bwana shamba wa Ruangwa, kijana mwenye meno mazuri na maneno machache. Ndipo alipokuja Mjomba Mfaume. Huyu alikuwa kaka yake mama yake Zuhura, mfanyabiashara aliyenunua ufuta Nambilanje na kwingineko, mtu wa tumbo na sauti. Kwa Wamwera wa enzi ile mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Baba atampa mkono bwana harusi mbele ya shehe, lakini mambo mengine yote, mahari, siku, vyakula, msafara, yako kwa mjomba. Na Mjomba Mfaume hakuwa mtu wa kujitokeza siku ya pilau tu. Wakati ndugu wengi walipotaka Zuhura atolewe shule awekwe ndani, yeye ndiye aliyesimama katikati ya uwanja akasema mtoto huyu atasoma mpaka shule ziishe. Zuhura alimpenda, na alikuwa na haki ya kumpenda. Safari hiyo alikuja na gari aliloazimwa na rafiki yake wa biashara wa Dar es Salaam: jipya, jeusi, refu, viti vya ngozi, mapazia madogo kwenye vioo vya nyuma, na ubaridi unaotoka ukibonyeza kitufe. Mtaa wote ulikuja kuligusa. Mimi pia niligusa.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, nikasikia sebuleni sauti ya Mjomba ikijaribu kuwa ndogo.

"Shemeji, mimi sidharau. Lakini bibi harusi ni mtu wa kufunikwa. Umpandishe mtoto kwenye beseni lile, apigwe vumbi kutoka hapa mpaka Ruangwa, afike kwa wakwe kama ametoka kuchimba mihogo?"

"Si beseni," alisema Mzee Bakari.

"Haya, sinia."

"Ni gari langu, shemeji. Nilimwambia tangu yuko mgongoni kwa dada yako. Nitampeleka wazi, watu wamwone."

"Utampeleka kwa macho yapi?"

Nilimsikia Mjomba anavuta kiti, anakaa, anasema polepole, "Nisamehe. Limenitoka tu." Na Mzee Bakari, bila hasira yoyote, akajibu, "Dereva ninaye." Kalamu yangu nyekundu ilibaki hewani. Dereva huyo nilikuwa mimi, na hapo ndipo nilipojua kwa nini nilifundishwa.

Lakini uamuzi ulikuwa wa Mjomba, na Mjomba hakubadilika. Mzee hakubishana tena. Siku iliyofuata alilisafisha Nusu Gari kwa kitambaa na maji ya majivu, spoku moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, kisha akalifunika turubai. Alipomaliza alikaa karibu nalo mpaka adhana. Mkewe alimpelekea chai, ikapoa. Nilikasirika, sana. Nilitaka kwenda kumwambia Mjomba maneno ambayo hata utani usingeyabeba.

Badala yake nilikwenda kwa Zuhura. Alikuwa amewekwa ndani, amepakwa hina mikononi na miguuni, ananukia asmini na udi, haruhusiwi kushika kitu mpaka hina ikauke. Kwa hiyo nilimlisha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyao vya porini, kwa mkono wangu, kipande kimoja kimoja kama kifaranga, na kati ya kipande na kipande nikamwaga hasira zangu. Alinisikiliza, akatafuna, akameza.

"Agatha, nisikudanganye," aliniambia. "Mimi ninalitaka lile jeusi. Nimelikalia jana. Kiti kinakushika kama mama. Na ule ubaridi! Nimeishi maisha yangu yote na vumbi, siku moja tu nifike mahali sijachafuka, kuna dhambi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, si kwa ukweli.

"Lakini Baba hakuingia kula leo," aliendelea. "Anasema hana njaa. Unajua yeye aliniambia nini nilipokuwa mdogo? Kwamba Wazungu walikuwa wanapita katika gari lile watu wanawatazama, na sisi tulio pembeni hakuna anayetutazama. Kwamba siku yangu, nitakuwa mimi." Akafungua mdomo nimpe kipande kingine. Akakitafuna muda mrefu. "Nikisema naenda na Nusu Gari, nitakuwa nimemvua nguo Mjomba mbele za watu, na Mjomba ndiye aliyenisomesha. Siwezi kumkataa. Lakini nikitekwa je?"

"Utekwe na nani?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Kabila lenu kazi yao ilikuwa nini, mtani?"

Nilikaa chini sakafuni nikacheka, kwa kujiziba mdomo na kanga. Aliyachagua yote mawili kwa mpigo mmoja, heshima ya mjomba na gari la baba, na ulaini aliokuwa ameutamani akauacha hapohapo, kati ya ming'oko na asmini. Mimi nilikuwa na shahada ya ukali tu. Yeye alikuwa na akili.

Siku yenyewe ndoa ilifungwa mapema. Mzee Bakari alimshika Hamisi mkono mbele ya shehe, sauti haikumtetemeka, kisha Hamisi na wenzake wakatangulia Ruangwa kwenda kumngoja mkewe, kama ilivyo ada. Gari jeusi lilisimama mlangoni, mlango wa nyuma umefunguliwa, ubaridi unatoka bure. Mzee alikaa barazani. Kumsindikiza binti si kazi ya baba. Zuhura akatolewa, amefunikwa gubigubi, ameshikwa mkono na kungwi wake, bibi mnene mwenye haraka. Walipofika hatua chache kutoka mlango wa gari, nilitoka nyuma ya banda nikiwa nimejifunga kanga kiunoni na ungo mkononi kama ngao, nikapiga kelele ambayo hata sasa sijui ilitoka wapi ndani yangu: "Wangoni tumerudi! Tunachukua kilicho chetu!" Nikamshika bibi harusi mkono, nikakimbia naye. Na yeye, mtekwa, alikimbia kuliko mimi.

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wazee waligonga fimbo chini. "Wameteka tena! Mfaume, umeibiwa!" Nusu Gari lilikuwa tayari kwenye mteremko, turubai limevuliwa, na niliondoa jiwe kwa mguu nikaliokota gari likianza kuteleza, tukarukia ndani, injini ikawaka. Mjomba Mfaume alisimama kando ya gari lake la kifahari, mdomo wazi. Niliogopa sekunde ile. Angeweza kukasirika, utani au si utani. Lilikuwa gari la kuazima, alilolileta kwa nguvu nyingi. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. "Mtani!" alipaza sauti. "Babu zako angalau walikuwa na haya, walikuja kabla jua halijachomoza!" Nikamwangalia Mzee Bakari. Alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya baraza, kichwa amekiinua kama tulivyokuwa juu ya tuta, akiisikiliza injini. Niliongeza gia kwa mkono, si kwa kofi.

Sasa, tuta la reli halikuwa na kona, na njia ya Ruangwa ina kona. Kona ya kwanza niliipita nikimwomba Bikira Maria, Zuhura akisoma dua, na kati yetu tukapita. Baada ya hapo tulikuwa watu wengine. Kijiji baada ya kijiji watu walitoka. Bibi harusi wa siku zile ulikuwa unamjua kwa kelele za msafara tu, humwoni. Huyu alipita wazi, karibu nawe kiasi cha kumgusa. Wanawake waliacha vinu wakakimbia nasi. Mzee mmoja alivua kofia. Upepo ulimvua Zuhura ushungi, akajaribu kuudaka, akaukosa, akaacha. Akatoa mikono yake ya hina nje ya mlango, akawa anawapungia watu kama kiongozi wa nchi, akicheka kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla wala baadaye. Vumbi lilitupaka mpaka kwenye kope. Gari jeusi lilitupita kimyakimya, laini, bila kutimua hata kokoto. Lilikuwa gari zuri, na nitalitetea mbele ya yeyote.

Kwa kuwa lilikuwa zuri, lilifika mbele yetu. Kule Ruangwa wakwe walikuwa wameambiwa wangoje gari jeusi lenye mapazia, na nalo hilo limekuja, kungwi kakaa mbele na dereva, maana yake bibi harusi yuko nyuma. Ngoma zikapigwa. Kanga zikatandikwa chini kutoka gari mpaka mlangoni. Mama mkwe akafungua mlango wa nyuma akiwa ameinamisha uso kwa heshima, na juu ya kanga ya kwanza ukashuka mguu wa Mjomba Mfaume. Naambiwa ngoma zilikatika. Kisha Mjomba alijifunika uso kwa kanzu yake, akainamisha shingo kwa aibu ya mwari, akatembea juu ya kanga zote kwa mwendo wa madaha mpaka mlangoni. Tulipofika sisi, wekundu kama matofali, wakwe walikuwa wamelala chini kwa kicheko, na hakuna aliyetuuliza habari ya vumbi. Walitandika kanga upya. Hamisi alimtazama mkewe asiye na ushungi, kope zina udongo, akasema maneno yake machache ya siku hiyo: "Umependeza." Mjomba alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, na kadiri miaka ilivyokwenda mwendo wake ulizidi kuwa wa madaha.

Kesho yake nilirudi Nachingwea peke yangu. Mzee Bakari alikuwa amesimama njiani. Alikuwa amenisikia tangu mbali. Alilizunguka gari akilipapasa, pua, taa, mlango, akafika upande wa kiti cha Zuhura. Akapitisha kiganja juu ya kiti, akakinusa.

"Vumbi hili ni la njia nzima," alisema. "Hamkuweka turubai?"

"Alikataa, Mzee."

"Na ushungi?"

"Uliruka. Akaucheka."

"Watu walitoka?"

Nikamsimulia. Kijiji baada ya kijiji, wanawake na vinu vyao, mzee na kofia yake, mikono ya hina nje ya mlango, mwanawe anawapungia. Alisikiliza uso ukiwa juu, machozi yanamshuka bila yeye kujishughulisha nayo, na alikuwa anatabasamu.

"Basi wamemwona," alisema. "Na mimi nimemwona."

Nilikuwa nimesahau kila kitu kwa kumtazama, ndipo tukasikia kokoto zinasagika. Nusu Gari lilikuwa linaondoka taratibu, peke yake, kurudi njia ya Ruangwa. Mzee alilizuia kwa goti, akafuta uso kwa mkono wa kanzu, akanigeukia.

"Haya, mwalimu," aliniambia. "Weka jiwe."